KHABARI YA MWEZI: MTU ATEGEMEE JICHO LAKE AU NENO LA MWENZIWE?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu jicho la kuonea na akili ya kupimia alichokiona, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya. Kila mwaka, ifikapo magharibi ya siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, watu wa Tanga na Moa, na Kigombe na Pangani, hutoka wakaangalia mwezi. Wengi wao hawaoni kitu. Jua la Tanga halichwi baharini. Bahari iko mashariki, na upande wa kuchwa jua iko milima ya Usambara, ambayo vilele vyake hupita mita 2000, na katika masika juu ya milima hiyo hukaa wingu zito jioni baada ya jioni. Mwezi mwandamo ukiwa chini sana huingia nyuma ya milima dakika chache kabla ya wakati wake wa kuchwa. Aliye Pemba, ng'ambo ya mkondo, hutazama magharibi juu ya maji, na milima kwake ni midogo kwa umbali. Na mvuvi aliye nje ya mwamba katika ngalawa yake huenda akapata upenyo wa mbingu ambao mtu wa Ngamiani hakuupata. Basi katika mji wa watu maelfu kwa maelfu hutokea usiku ule wakapatikana mtu mmoja au wawili walioona, na wengine wote hunuia saumu kwa neno la hao.

Hapa pana swali ambalo watu hulipita kwa kuwa wamelizoea. Mtu aliyefunga kwa neno la mwenziwe, je, amejua kwamba Ramadhani imeingia, au ameambiwa tu? Na ikiwa ameambiwa tu, vipi ajenge ibada iliyo baina yake na Mola wake juu ya jicho la mvuvi asiyemjua hata jina?

Wapo wanaojibu swali hili upesi. Husema: "Mwenye akili haamini ila alichokiona kwa macho yake, khabari za watu ni maneno tu." Neno hili lina sauti ya ushujaa, na vijana hulipenda. Lakini anayelisema hakupata kulifuata hata siku moja. Mtu huyu amemjua babake kwa njia gani? Kwa neno la mamake na ushuhuda wa jirani. Siku aliyozaliwa ameijua kwa kuambiwa. Kuwa uko mji uitwao Makka, naye hajasafiri, amekujua kwa khabari za mahujaji. Dawa aliyopewa hospitali ameinywa, wala hakuipima. Nasaba, mirathi, ndoa, deni, mipaka ya shamba la minazi, vyote hivi vimesimama juu ya neno la watu, na lau kila mtu angalikataa ila alichokiona mwenyewe, kadhi asingalikata shauri hata moja, wala mtoto asingalimrithi babake. Basi mwenye kusema haamini khabari huamini khabari mchana kutwa. Anakataa zile tu ambazo zinamlazimisha jambo.

Tena jicho lenyewe si amini kama wanavyolidhani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika kitabu chake Al-Munqidh jinsi alivyotaka kujua ni kitu gani ambacho mtu anaweza kukitegemea kwa yakini, na akaanza kwa kuzijaribu hisi zake. Akaona kwamba kivuli hutazamwa kikadhaniwa kimesimama, nacho kinakwenda; na nyota huonekana ndogo kama kipande cha dinari, na hesabu za wenye ilimu ya mbingu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Mwenye kulikadhibisha jicho hapo ni akili. Kisha akaiuliza akili: nani atakayekukadhibisha wewe? Akakaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili, na anasema mwenyewe kwamba hakutoka humo kwa hoja aliyoipanga, bali kwa nuru aliyotiwa moyoni. Haya yameandikwa na mtu aliyekuwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, ambaye watu wa bara na pwani walikuwa wakiamini kwa neno lake.

Na katika jambo hili hili la mwezi husimuliwa kisa cha Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, alipokuwa mzee sana katika mji wa Basra. Watu walitoka kuangalia mwandamo, wasione kitu, naye akasema: nauona ule pale. Alikuwapo Iyas bin Muawiya, aliyejulikana kwa werevu wake. Akamtazama mzee, akaona unywele mweupe wa nyushi umejipinda mbele ya jicho. Akaupangusa, akaurudisha mahali pake, kisha akamwuliza: sasa uonyeshe mwezi. Mzee akatazama, asiuone tena. Hapana aliyemwita Anas mwongo. Alisema kweli juu ya alichokiona, ila alichokiona kilikuwa ni unywele. Ndiyo maana wanavyuoni hawakutosheka na ukweli wa ulimi. Hutazama pia kama shahidi yu mzima wa macho na makini wa akili.

Upande wa pili wako wanaoamini kila neno. Hao ni wengi zaidi, na madhara yao ni makubwa zaidi, ingawa hawasemwi. Qurani imewaamuru waumini wachunguze khabari aliyoileta mtu fasiki kabla ya kuitendea kazi, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Na mahali pengine imemkataza mtu kufuata asilo na ilimu nalo, kwani masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Walakini mtu husikia sokoni ya kuwa mwezi umeonekana Pemba, akalichukua neno hilo mpaka msikitini. Aliyelisikia msikitini akalipeleka Chumbageni. Wa Chumbageni akalipeleka mbele. Na likirudi kwa yule wa kwanza kutoka kwa watu kumi, naye huona limethibiti, kwa kuwa limesemwa na kumi. Nalo halina shahidi ila mmoja, na huenda huyo mmoja hakuona, alisikia.

Mfano wa kosa hili upo katika tarikh ya pwani hii yenyewe. Watu wamezoea kusema, na vitabu vingi vimeandika, kwamba rubani aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka Bara Hindi mwaka 1498 alikuwa ni Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa Julfar. Khabari hiyo imenakiliwa mara nyingi hata ikawa kama yakini. Asili yake ni neno la mwandishi mmoja wa Makka, An-Nahrawali, aliyeandika miongo mingi baada ya safari ile. Wareno wenyewe wamemtaja rubani wao kuwa ni Mwislamu wa Gujarati, na wataalamu waliolichunguza jambo hili sasa wameikataa khabari ya An-Nahrawali. Mamia ya wanakili hawakuongeza hata jicho moja. Na wanavyuoni wa hadithi walilijua jambo hili zamani, kwani waliposema khabari ya wengi inaleta yakini, walishurutisha wingi uwepo tangu mwanzo wa mapokezi mpaka mwisho wake.

Basi sharia ilifanyaje baina ya makundi haya mawili? Katika madhihabi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhihabi ya watu wa pwani hii, na kama alivyoandika Imamu Nawawi katika Minhaji, Ramadhani huthibiti kwa shahidi mmoja mwadilifu, na mwezi wa Shawwali hauthibiti ila kwa wawili. Mtu akisema: mwezi ni mwezi, na jicho ni jicho, mbona mmoja atoshe huku asitoshe kule? ataambiwa kwamba kipimo si mwezi, ni hatari ya kukosea. Aliyekosea mwanzo amefunga siku moja isiyokuwa yake. Amepata njaa na kiu. Aliyekosea mwisho amekula siku ya faradhi. Tena nafsi ya mtu haina tamaa ya kuuona mwezi wa kufunga, bali ina tamaa kubwa ya kuuona mwezi wa kufungua, na jicho lenye tamaa huona upesi. Kwa hiyo uzito wa ushahidi umeongezwa pale ambapo matamanio ya watu yanaliunga mkono kosa.

Na asili ya shahidi mmoja ni khabari ya bedui aliyemjia Mtume (s.a.w.) akasema ameuona mwezi. Mtume hakumwuliza aliuona upande gani wala pembe zake zilielekea wapi. Alimwuliza kama anashuhudia kwamba hapana mungu ila Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Na alipokubali, Bilali akaamrishwa awatangazie watu wafunge. Yaani lililoulizwa ni hili: mtu huyu, akisema uwongo, anajua kwamba atajibu mbele ya nani?

Hapa pana jambo la ajabu ambalo wanafunzi wa fikihi huliuliza sana. Watu wakifunga kwa neno la mmoja, wakatimiza siku thelathini, na usiku ule mbingu ikawa safi na mwezi usionekane, wafanyeje? Minhaji yasema kwa kauli iliyo sahihi zaidi: watafungua, hata mbingu ikiwa safi. Mpinzani atasema: basi Idi imethibiti kwa shahidi mmoja, nanyi mlisema haithibiti ila kwa wawili! Jawabu lao ni kwamba hakuna aliyeshuhudia Shawwali. Shahidi alishuhudia Ramadhani tu, na hesabu ya siku ndiyo iliyoleta Idi baada yake. Jawabu hili lafaa katika hukumu, lakini moyo hautulii kabisa, kwani usiku wa mbingu safi usio na mwezi ni kama ushahidi wa pili unaomkadhibisha shahidi wa kwanza. Wamo katika madhihabi waliosema watu wasifungue. Kauli yenye nguvu ikashinda kwa sababu neno lililokwisha kukubaliwa kwa haki haliwezi kuvunjwa kila linapoleta uzito. Na ingekuwa hivyo, hakuna mtu angalijua siku ya kesho ni siku gani.

Yako, hata hivyo, mambo ambayo mtu hakuruhusiwa kulala juu ya neno la mwenziwe. Kibla ni katika hayo. Wanavyuoni wamesema kwamba mwenye uwezo wa kuzijua dalili za kibla hafai kumfuata mwingine. Anayefuata ni kipofu, au asiyeweza kujifunza. Mihirabu ya misikiti ya Waislamu hutegemewa, kwani ni ushuhuda wa vizazi. Na mtu wa Tanga amerahisishiwa kuliko wengi. Tanga na Makka karibu ziko juu ya mstari mmoja wa longitudo, na kwa hivyo kibla cha Tanga ni kaskazini, na kuelekea mashariki kidogo sana, chini ya digrii mbili. Nyota ya kaskazini haionekani hapa, kwa kuwa mji uko kusini ya Ikweta. Lakini fimbo iliyonyoka ikisimikwa uwanjani, kivuli chake cha mchana hupungua mpaka kikafikia ufupi wake wa mwisho kisha kikaanza kurefuka, na mstari wa kivuli kile kifupi ni mstari wa kaskazini na kusini. (Isipokuwa zile siku chache za Machi na Oktoba ambapo jua hupita juu ya utosi wa Tanga na fimbo haina kivuli.) Tena kila mwaka, karibu na tarehe 28 Mei na 16 Julai, jua husimama juu ya Kaaba. Saa ya Tanga na saa ya Makka ni moja, na wakati huo ni saa 6 na dakika 18 mchana katika Mei, na saa 6 na dakika 27 katika Julai. Aliyetazama kivuli wakati ule akaelekea upande wa jua ameelekea Makka, wala hakuhitaji neno la mtu ila la aliyemwambia siku na saa.

Kadhalika mirathi. Watu wengi huyapokea mafungu kutoka kwa kadhi kama wanavyopokea mvua. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika kitabu cha Mirathi kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 1923, na hapana shaka hakukiandika ili watu waendelee kutojua. Mtu asiyeijua fikihi anajua kujumlisha. Akifa mtu akaacha mke, na binti wawili, na baba na mama, mke ana thumuni, binti wana theluthi mbili, na kila mzazi ana sudusi. Ukiigawa mali mafungu 24, mke ana 3, binti 16, baba 4, mama 4, jumla 27. Mali ya mafungu 24 haiwezi kutoa 27. Suala hili liliulizwa kwa Sayyidna Ali juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani 3 katika 27; na kwa hivyo likaitwa la mimbari. Lililo muhimu katika kisa hiki ni kwamba hakuna aliyeiambia hesabu inyamaze. Mafungu ni ya faradhi, lakini jumla ilipokataa, wakubwa wa ilimu waliisikiliza, wakapunguza kwa kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake.

Je, na katika mwezi hesabu husikilizwa? Hapa wametofautiana, na yafaa jambo liangaliwe kwa utuo. Taqi ad-Din as-Subki, kadhi wa Sham katika madhihabi ya Shafii, aliyefariki mwaka 756 (1355), alisema kwamba hesabu za yakini zikionyesha kuwa mwezi hauwezekani kuonekana, na mtu akaja akasema ameuona, ushahidi wake urudishwe. Kwani hesabu ni yakini na ushahidi ni dhana, na dhana haishindi yakini. Wengi waliokuja baada yake hawakumkubalia. Ibn Hajar, mwenye Tuhfa, alishika njia ya kati: ushahidi hurudishwe ikiwa wenye hesabu wameafikiana kwamba misingi yake ni ya yakini, na waliotoa khabari hiyo wamefikia wingi wa kuondoa shaka, la sivyo ushahidi hubaki.

Sharti ya Ibn Hajar ilikuwa ngumu katika zama zake. Leo imekaribia kutimia. Muda baina ya mwezi kukutana na jua na kukutana tena ni kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44, na wakati wa kila mkutano hujulikana kwa dakika, miaka mingi mbele. Asiyeamini hakulazimishwa aamini kwa neno. Anayo njia ya kujaribu kwa jicho lake, nayo ni kupatwa kwa jua, ambako hakuwi ila mwezi na jua vinapokutana. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa karibu na saa 6 mchana, likawa kama pete huko Rujewa, na likamegeka katika sehemu nyingine za Tanzania, siku na saa ile ile iliyotangazwa kabla. Lau mtu angalitokea magharibi ya siku ile akadai kuuona mwandamo, angalikuwa ameona mwezi wenye umri wa saa sita na kitu, ulio karibu mno na jua. Na mtaalamu wa Kifaransa Danjon alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1930 kwamba ukiwa ndani ya digrii saba hivi kutoka kwenye jua, uzi wa mwezi hauwaki. Kumrudisha mtu huyo si kumwita mwongo. Huenda naye ameona unywele.

Lakini hesabu ina mpaka wake, na wanaoipenda husahau mpaka huo. Inaweza kusema kwa yakini: usiku huu hauwezekani. Haiwezi kusema kwa yakini ile ile: usiku huu mtu wa Tanga ameuona. Wingu la Usambara halimo katika hesabu. Basi ni shahidi wa kukanusha zaidi kuliko wa kuthibitisha.

Na fitina ya mwezi haikuzaliwa juzi. Kuraib alirejea Madina kutoka Sham, akamwambia Ibn Abbas kwamba watu wa Sham na Muawiya wameuona mwezi usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akasema wao wameuona usiku wa Jumamosi, na wataendelea mpaka watimize thelathini au wauone. Hakuikadhibisha khabari ya Kuraib. Aliiamini, lakini hakuifanya kuwa hukumu ya Madina. Kutoka hapo wanavyuoni wakagawanyika: wako wanaosema kila nchi ina mwandamo wake, na wako wanaosema mwandamo wa mahali pamoja ni wa wote. Zamani ikhtilafu hii haikuumiza watu wa mwambao, kwani khabari ya mbali ilifika na jahazi baada ya Idi kupita. Waya wa simu ulipofika Unguja kwa chini ya bahari mwaka 1879, kisha redio, kisha simu za mkononi, khabari ya Makka ikawa inafika Tanga kabla ya sala ya Isha. Sasa katika nyumba moja hutokea ndugu mmoja akala Idi kwa mwezi wa Makka, na mwingine akafunga siku ile akingoja tangazo la Mufti wa BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968. Na kila mmoja humwona mwenziwe kuwa amefuata upofu. Ukweli ni kwamba wote wawili wamefuata neno la mtu. Tofauti yao ni juu ya nani apewe amana hiyo, nayo ni ikhtilafu ya halali yenye wanavyuoni pande zote. Anayejidai kuwa yeye peke yake ameshika ilimu na nduguye ameshika taklidi amejidanganya katika jambo dogo la kwanza, nalo ni kwamba hakuuona mwezi.

Limebaki suala la yule aliyeona kweli. Mtu mmoja, mzima wa macho, ameuona mwezi wa Ramadhani. Amekwenda kwa kadhi, na kadhi, kwa sababu zake, hakuupokea ushahidi wake. Fikihi haikumwambia alisahau jicho lake. Itampasa kufunga, peke yake, katika mji unaokula. Na aliyeambiwa na mtu ambaye moyoni amemsadiki, awe mkewe, au mtumwa wa zama zile, au hata mtu ambaye barazani ushahidi wake haupokelewi, naye itampasa kufunga, kwani hukumu ya kadhi ni ya mji na itikadi ni ya mwenyewe. Kinyume chake, aliyeuona mwezi wa Shawwali peke yake haimpasi, wala haimfalii, kufunga siku anayoijua kuwa ni Idi. Atakula. Lakini wamesema atakula kwa siri, ndani ya nyumba yake, asiwafungulie watu mlango wa kumdhania vibaya, wala asiwavunjie saumu kwa jicho ambalo wao hawana njia ya kutazamia. Kisha asubuhi ya pili, watu wa mji watakapotoka kwenda uwanjani na takbiri, atatoka nao, asali nyuma ya imamu wao.